Mama wa Karatasi Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushika mkasi, Hamasaki aligeuza picha. Ndivyo walivyofanya kazi katika studio ile ndogo ya ghorofa ya pili, juu ya duka la tofu, ile jibini laini ya soya, upande wa magharibi wa Tokyo ambako treni hupita karibu na madirisha. Jicho likitazama picha ile ile siku nyingi huizoea, kama pua inavyoizoea harufu ya nyumba yake, na makosa hujibanza humo humo ndani ya mazoea. Basi Hamasaki, mtu wa kamera na kompyuta, alifungua kazi ya jana kwenye skrini kubwa, akabonyeza kitufe, na kila kilichokuwa kushoto kikahamia kulia, kama kwenye kioo. Hapo ndipo jicho lililopanda juu kuliko mwenzake lilipojifichua, na bega lililolegea, na mlango uliopinda. Chigusa Iwabuchi, mkataji wa sanamu za karatasi, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai ya shayiri, akatazama, akataja vya kurekebisha kwa sauti ya chini. Chai ilipokwisha, kila mmoja alikwenda mezani pake.

Asubuhi hiyo ya Novemba, Hamasaki alibonyeza kitufe, kisha hakuondoa kidole.

"We Chigu," alisema. "Hebu sogea hapa. Ameacha."

"Nani ameacha nini?"

"Huyu mama yako. Ameacha kutisha."

Chigusa alisogea. Kwenye skrini, mama wa karatasi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kupanga, kimono chake cha kijivu kimefungwa vizuri, mkononi ana furushi la chakula. Alikuwa mama tu. Alionekana amechoka kwa safari na anangoja kufunguliwa.

"Rudisha," alisema Chigusa.

Hamasaki akabonyeza. Mama yule yule, furushi lile lile, macho yale yale. Lakini kitu baridi kilipita shingoni mwa Chigusa, kama vile mtu amefungua mlango nyuma yake.

"Umeona?" alisema Hamasaki. "Huku anatisha, kule hatishi. Sijagusa kitu. Nimegeuza tu."

Studio ile ilitengeneza katuni fupi za kutisha, za dakika chache kila moja, zilizorushwa na kituo kimoja cha televisheni usiku watu wanapojiandaa kulala. Sanamu zake zilikatwa kwenye karatasi na kupakwa rangi kwa mkono. Midomo haikusogea. Mtu wa karatasi akizungumza, sauti ilisikika lakini uso ulikaa vile vile, na pengine macho tu ndiyo yaliteleza pembeni, taratibu. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kuona kila namna ya picha zinazokimbia, kurukaruka na kulipuka, wala hazikuwanyima usingizi. Karatasi isiyosogea iliwanyima.

Hii ya mama mlangoni ilikuwa hadithi ya kwanza ambayo Chigusa aliitunga mwenyewe. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale alikata sanamu za hadithi za wengine, akainama mezani, akaitikia kwa kichwa. Halafu siku moja Mzee Kurahashi, mwenye studio, alimkuta akichezea vipande vya karatasi wakati wa chakula, akamuuliza ni nini. Ilikuwa hivi: msichana anaishi peke yake mjini. Jioni moja mama yake anabisha hodi, anasema amemletea chakula. Mama anaishi mbali, na hakusema kwamba atakuja. Msichana hafungui. Jioni ya pili, hodi tena, kwa upole ule ule. Mwishowe anafungua. Mama yupo, furushi mkononi, anauliza kwa nini amechelewa kufungua. Basi. Hakuna damu, hakuna meno, wala mtazamaji haambiwi mama yule ni nani hasa.

Picha za majaribio zilipopelekwa kituoni, mwanamke anayesimamia kipindi, ambaye siku zote alilalamika kwamba hadithi zao zinahitaji ukelele wa mwisho, alipiga simu akasema kwamba baada ya kuitazama ofisini alimwomba mwenzake amsindikize hadi stesheni. Hamasaki aliuliza saa ngapi. Ilikuwa mchana.

Hakuna aliyejua kwa nini hii imewatisha watu kuliko nyingine. Sasa jibu lilikuwa mbele yao kwenye skrini, na walilitazama wasilione.

Mzee Kurahashi aliingia akiwa na tonge lake la wali lililofungwa kwa mwani, akavua viatu mlangoni.

"Mwalimu, njoo uone maajabu," alisema Hamasaki.

"Maajabu kabla sijala? Wewe utaniua mapema."

Lakini alikuja, akaketi, akatafuna huku Hamasaki akigeuza na kurudisha. Baba yake mzee huyu alikuwa msimulizi wa mitaani, wa wale waliozunguka na baiskeli yenye kisanduku cha picha, wakiwauzia watoto peremende na kuwasimulia hadithi kwa kadi zilizochorwa. Mwenyewe alipenda kusema kwamba baba yake alijua kutisha kwa sababu alijua kunyamaza. Alinyamaza sasa, taya zikisogea.

"Furushi," alisema. "Au ni kulishika kwa mkono wa kushoto?"

"Nilishajaribu kulifuta. Bado."

"Mlango, basi. Kitasa."

"Nimeufuta pia. Nikambakiza mama peke yake. Bado, Mwalimu. Ni yeye mwenyewe."

Chigusa alikuwa ameshaona. Aliona wakati Hamasaki alipogeuza mara ya mwisho, na damu ikampanda masikioni. Alipeleka mdomoni kikombe ambacho chai yake ilikuwa imekwisha.

Ni Hamasaki aliyelitamka, baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali. "Ukosi," alisema. "Tazameni ukosi wa kimono. Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto. Chigu, dada yangu, umemvisha kama maiti."

Hakuna mtoto wa nchi ile asiyefunzwa hilo. Aliye hai hulaza upande wa kushoto juu ya wa kulia. Aliyekufa, akishaoshwa, ndugu humvisha kinyume, ili nguo yenyewe imjue kwamba amevuka. Mtoto akikosea anapovaa nguo ya sikukuu, bibi yake humpiga kofi la mkono na kumfunga upya, naye hakosei tena. Lakini Tokyo ya leo, nani anavaa kimono kila siku? Ukosi ule ulipita machoni pa watu wote watatu, ukapita kituoni, na kila aliyeuona mwili wake ulijua ila kichwa chake hakikujua.

"Nilijitazama kwenye kioo," alisema Chigusa. Hakuwa na mtu wa kusimama ili amchore, kwa hiyo alivaa kimono cha zamani cha mama yake, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akachora alichokiona. Yeye alikuwa amevaa sawasawa. Kioo ndicho kilichomvisha kinyume. "Samahani sana. Nitakata upya. Leo leo nitamaliza."

"Kata nini?" alisema Mzee Kurahashi. Alikuwa ameweka tonge chini. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa mkavu kama samaki wa kukaushwa, ulikuwa umefunguka. "Usiguse kitu hapa. Hii ndiyo hadithi yenyewe. Mama ni maiti tangu picha ya kwanza, na hatusemi. Hatumwambii mtu. Anayejua atajua, asiyejua atakosa usingizi." Akamgeukia. "Chigusa, hii ndiyo kazi."

Hakuwa amewahi kumwambia hivyo. Kwa wengine pia hakuwa mwepesi wa kusifu. Hamasaki aliinua nyusi, akajifanya anatafuta kalamu.

"Lakini ni kosa, Mwalimu," alisema Chigusa.

"Kosa zuri ni la kuokota na kufuta vumbi."

"Watu watadhani hatujui kuvaa."

Mzee alifikiri. Hakuwa mtu wa kulazimisha. "Haya. Hamasaki, chora ukosi upya kwenye kompyuta, upande unaotakiwa. Tutakuwa na mbili. Tumwite Mama Tatsuno aamue."

Mama Tatsuno alikuwa mwenye duka la tofu la chini. Tangu studio ifunguliwe, kila hadithi iliyokamilika alionyeshwa yeye kwanza, bila sauti, kwa sababu Mzee Kurahashi aliamini kwamba sauti na muziki ni kama chumvi nyingi, humfanya mlaji asahau kuuliza samaki ameoza au la. Kazi ya kuchora upya ingemchukua Hamasaki hadi baada ya chakula cha mchana.

Saa sita, Chigusa alishuka na simu yake, akaketi kwenye ngazi ya nyuma, palipopangwa ndoo za soya iliyorowekwa. Mama yake alipokea upesi, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Umekula?" aliuliza mama.

"Bado. Na wewe?"

"Wametuletea uji na kipande cha samaki mwembamba hivi, unaweza kusoma gazeti kupitia humo, hata mwandishi ukamwona. Kule kwenu kuna baridi?"

"Kidogo. Huko?"

"Theluji imeshaanza milimani. Jirani amenifungia miti kamba nyumbani isivunjwe na uzito wake. Sikumwomba, kaja mwenyewe." Mama alikohoa, akasogeza simu, akairudisha. Alikuwa amelazwa Yokote, kaskazini, wodini pamoja na wanawake wengine wa makamo yake. Moyo wake ulikuwa na kilango kisichofunga vizuri. Ijumaa ya wiki inayofuata wangempasua. Studio hakuna aliyejua. Chigusa hakuona ni kwa namna gani mtu huingiza jambo kama hilo katikati ya mazungumzo ya gundi na karatasi, na siku zilivyozidi kwenda, ndivyo lilivyozidi kutoingizika.

"Katuni yako bado ni Jumatano?" aliuliza mama.

"Ndiyo. Lakini usiku sana, mama. Mtakuwa mmelala."

"Tumeshapanga. Binti wa Bi Kudo wa kitanda cha pili ataturekodia. Alhamisi asubuhi, baada ya uji, tunaitazama wote. Hata muuguzi mkuu kasema atakuja. Nimewaambia aliyemo ni mimi."

"Si wewe. Ni sura yako tu nimeiazima."

"Sasa sura yangu ni ya nani? Na baka la chini ya jicho umeweka?"

"Nimeweka."

"Ungelitoa, mwanangu. Televisheni nzima itaniona na baka." Alicheka, kicheko kikamchosha, akapumzika. "Niambie basi, mimi humo ni mzimu au mtu?"

"Haijulikani."

"Haijulikani vipi, na aliyetunga ni wewe?"

"Ndiyo inavyotisha hivyo. Usipojua."

"Mh. Mimi nisipojua kitu nauliza tu." Nyuma ya mama ilisikika sauti ya gari la dawa likisukumwa. "Ni vizuri lakini. Siku hiyo ya Alhamisi tutapata la kuongea. Ijumaa isituketie kichwani."

Chigusa alitazama ndoo. Soya zilikuwa zimevimba, zimenyamaza majini. Alitaka kumwambia mama asiitazame. Alifungua mdomo, akasikia mama akimwambia ale, asishinde na chai, akaitikia kwamba atakula, na simu ikakatika.

Alipopanda baada ya saa ya chakula, Mama Tatsuno alikuwa ameshafika, aproni bado imelowa, amewaletea bakuli la makapi ya soya yaliyokaangwa na karoti. Alikaa kwenye kiti cha Hamasaki na kujifuta mikono.

"Leo mna nini?" alisema. "Ile ya wiki iliyopita ya kisima haikunitisha hata kidogo. Nilisikitikia kamba."

"Leo utatazama moja mara mbili," alisema Mzee Kurahashi. "Usiulize kwa nini."

"Mimi huwa nauliza? Nyie ndio mnaoniuliza."

Walianza na ile iliyorekebishwa. Mama Tatsuno alitazama, kichwa upande, kama anavyomtazama mteja anayechagua. Mama wa karatasi alibisha, alingoja, alibisha. Mlango ulipofunguliwa, Mama Tatsuno alitoa pumzi.

"Maskini," alisema. "Mama wa watu kasimama kwenye baridi siku zote hizo. Huyo binti hana adabu."

Hamasaki alimtazama Mzee Kurahashi, Mzee Kurahashi akamtazama Hamasaki. Kisha wakaweka ya pili.

Mwanzoni Mama Tatsuno alikaa vile vile. Hodi ya kwanza ilipita. Kwenye hodi ya pili mikono yake, iliyokuwa imelala juu ya mapaja, ilishika aproni. Hakusogea tena. Treni ilipita, dirisha likatetemeka, naye hakugeuka. Mlango wa karatasi ulipofunguka na uso ule mpole ukajitokeza na baka lake chini ya jicho, alisimama kabla picha haijakwisha.

"Hii msinionyeshe tena," alisema.

"Umeona nini?" aliuliza Mzee Kurahashi, taratibu.

"Sijaona kitu. Si ni ile ile?" Alichukua bakuli lake, lililokuwa bado na chakula, akashuka nalo. Walimsikia chini akifungua bomba la maji na kuliacha likitiririka muda mrefu.

Hamasaki alipiga mluzi mdogo. "Kesi imekwisha," alisema. "Amesahau hata kututukana."

Chigusa hakuitazama skrini wakati ule. Alikuwa amemtazama Mama Tatsuno, na alichokiona usoni pake alikitambua. Ndicho alichokitafuta tangu alipoanza kukata karatasi: mtu mzima, mchana kweupe, amezungukwa na harufu ya soya, anaogopa mama aliyeleta chakula. Hakuna alichowahi kutengeneza kilichofika pale. Ile iliyorekebishwa ilikuwa hadithi ya huruma. Ile yenye kosa ilikuwa hai, na ilikuwa hai kwa sababu ya mauti yaliyolala kwenye ukosi. Kwa hilo hakuweza kujidanganya.

Tena aliwaza wodi ya Yokote, Alhamisi asubuhi, mabakuli ya uji yameondolewa. Wanawake wale si watoto wa Tokyo. Kila mmoja wao alikuwa amewavisha wazazi wake kwa mikono yake mwenyewe. Mama yake mwaka juzi alimvisha baba. Chigusa alikuwapo, aliona vidole vya mama vikisita juu ya kifua, vikiuvuka upande uliozoeleka, vikilaza wa kulia juu. Wanawake hao hawatasikia baridi ya shingoni wasiyoielewa. Wataona mara moja. Watamwona mama yake, Fumie Iwabuchi wa kitanda cha dirishani, na baka lake, amevishwa tayari. Na watanyamaza kwa adabu, na mama naye ataona, na atacheka ili wasione haya.

"Basi," alisema Mzee Kurahashi. Alikuwa anavaa miwani kusoma ratiba ya kituo. "Wanaingoja kabla ya ofisi kufungwa. Hamasaki, tayarisha ile ya maiti. Na wewe Chigusa, nikitoka hapa nitawapigia niwaambie hadithi ifuatayo pia ni yako. Una nyingine?"

"Ninayo," alisema Chigusa. "Asante sana." Akainama.

Hamasaki alianza kutayarisha. Mstari wa kijani wa kuonyesha kazi ilipofika ulianza kusogea sehemu ya chini ya skrini.

"Mwalimu," alisema Chigusa. "Wazee watalalamika. Watapiga simu kituoni."

"Wapige. Mimi mzee, mbona silalamiki?"

"Na wanaofundisha kuvaa kimono. Watasema vijana wameharibu mila."

"Wakisema hivyo ina maana wameitazama."

"Labda na ile rangi ya kijivu. Kwenye ukosi, mwanga ukipiga, kivuli hakilingani na upande wa..." Alikwama. Kivuli kililingana. Alikipaka mwenyewe.

Hamasaki alizungusha kiti. Alikuwa na mdomo mwepesi lakini macho yake hayakuwa mabaya. "Chigu, unatafuta nini?" alisema. "Kivuli kiko sawa, na wewe unajua kiko sawa."

Mzee Kurahashi alivua miwani. Alimtazama Chigusa kwa muda, kama anavyotazama picha kabla ya kuamua ikae juu ya meza au iende kwenye kapu.

"Umenitajia wazee, umenitajia walimu wa kimono, umenitajia mwanga," alisema. "Hao wote siwajui na hawapo hapa. Wewe upo. Wewe mwenyewe una neno gani?"

Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati. Chini, Mama Tatsuno alikuwa amefunga bomba. Sasa alikuwa akizungumza na mteja, sauti yake imerudi ya kila siku, anamwambia tofu laini imekwisha aje kesho mapema. Chigusa alishika ukingo wa meza ya kukatia, mahali ambapo kisu kilikuwa kimechonga mbao kwa miaka. Maneno ya adabu, yale ambayo mtu huyatoa mfukoni bila kutazama, hayakuwapo.

"Sitaki," alisema.

Hamasaki aliweka kidole kwenye kitufe. Mstari wa kijani ukasimama.

"Sura hii ni ya mama yangu," alisema Chigusa. "Mama yangu halisi, na baka ni lake. Yuko hospitali Yokote. Alhamisi asubuhi ataitazama hii pamoja na wagonjwa wenzake, na kesho yake watampasua moyo. Najua ni bora hivi ilivyo. Nimemwona Mama Tatsuno, nimeona mwenyewe, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki. Lakini mtu wa kumvisha mama hivi, siku ikifika, ni mimi, kwa mikono hii hii, na haijafika. Sitaki kumvisha leo. Naogopa, Mwalimu. Naogopa atakufa."